Kikohozi cha Fundi

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa Ndia Kuu huijenga upya programu moja ya bure ya kurekodia na kuchezea sauti kwa kila mashine, maana iliyojengwa kwa Linux haishiki kwenye Windows. Akimaliza, huigusa mashine kwa kiganja kama apimaye mtoto homa, kisha huijaribu kwa kikohozi chake mwenyewe alichokirekodi. Leo kikohozi kikalia kwenye kompyuta ya Mzee Yeslam, aliyeleta kaseti yenye sauti ya marehemu mkewe ihamishiwe humo.

Kaseti ilipokwisha kuhamishwa, mzee akasema, "Sasa tumsikie, mwanangu."

Fundi akavaa makubadhi. "Mkeo huyo, ami, si wangu. Bonyeza hapa." Akatoka, akafunga mlango. Mzee akabonyeza.

"Bwana weye, wacha kurekodi, uje ule. Samaki apoa."

"Naja," akajibu mzee, akicheka.