Maji ya Kamba za Viazi

Nikikata kamba za viazi vitamu za kupanda, utomvu unanata vidoleni na harufu yake inanirudisha barabarani. Nilikuwa mtoto. Tulikuwa tunahama kwa miguu, na mama alibeba kichwani fungu la kamba hizo, amezifunga kwa majani ya mgomba. Kwetu muntu hahami bila mbegu yake. Jua lilikuwa kali, na ndani ya kibuyu maji yalibaki kidogo tu.

"Maman, kiu inaniua."

"Ngoja. Weye uko na mdomo wa kulia. Hizi haziko nao."

Akazinyunyizia kamba maji yote. Kisha akanipa jani lililolowa, nikalilamba. Lilikuwa na ladha ya udongo. Kamba zile zilishika tulikozipanda, tukala viazi vyake hata nikawa mwanaume.

Nyumba hii nimeijenga kwa kulima viazi, bila kusoma shule. Sasa mgongo umechoka, hata jembe ninaliegemea zaidi ya kulima. Binti yangu ananiletea maji kwenye glasi.

"Papa, acha kujichosha. Viazi biko ku soko."

"Najua."

Ninamwagia kamba kwanza. Yanayobaki ndiyo ninayokunywa.