Sanduku Lililosikiliza Ardhi

Nakumbuka siku moja kule Kulamawe, mwanangu, siku ambayo jembe langu lilipewa kazi nyingine. Shule yangu ilikuwa fupi, kwa hivyo nikikosea, wewe uliyesoma unirekebishe. Juzi hapa Kiwanjani nimewasikia vijana wakisema wanaopima yaliyo ndani ya ardhi ni waongo, kwa kuwa hakuna aliyefika chini. Hata mimi nilisema hayo hayo, kabla hamjazaliwa.

Kisima chetu kilikuwa kinakauka, na mbuzi wa mama walilia zizini usiku na mchana. Mwezi huohuo mtaalamu mmoja kutoka Meru, binti aliyeitwa Kendi, alikuwa amezika sanduku la chuma kando ya kisima, lenye waya na betri kama ya lori. Basi tukasema ndilo linalokunywa maji. Mimi na wenzangu tukabeba majembe kwenda kuling'oa.

Tulimkuta kisimani Abba Guyo, mzee aliyepanga zamu za kunywesha mifugo.

"Mnaenda kumzika nani?"

"Tunang'oa lile sanduku, Abba."

"Hapa hata ngamia wa mgeni hanyimwi zamu kabla mwenyewe hajasikizwa. Mwiteni huyo msichana."

Kendi akaja kutoka shuleni alikopiga hema, akafungua kifuniko mbele yetu. Mzee akaingiza mkono, akapapasa.

"Hili ni kavu kuliko kisima," akasema. "Sasa linafanya nini?"

Kendi akaeleza. Tetemeko likitokea hata nchi za mbali, mtikisiko wake hupita ndani ya dunia ukafika hapa. Sisi hatuusikii, sanduku linausikia. Juu kuna ganda la mwamba, hili tunalokanyaga. Chini yake kuna mwamba wa moto, mzito, unaosogea polepole mno. Chini zaidi ni chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa chuma kigumu, kwa vile kimebanwa sana. Mitikisiko mingine huwahi, mingine huchelewa, na kuna aina isiyoweza kupita kwenye kitu kilichoyeyuka. Ikikosekana upande wa pili wa dunia, wataalamu wanajua imekutana na nini.

"Wewe umefika huko?" nikamuuliza. Wenzangu wakacheka.

"Sijafika. Hakuna aliyefika. Hata shimo refu kuliko yote halijamaliza hilo ganda la juu."

Nikadhani nimeshinda. Abba Guyo akanigeukia.

"Lori ya baba yako ikichelewa kutoka Isiolo, mama yako husema nini?"

"Husema kuna matope njiani."

"Huwa ameenda kuyaona?"

Dalili ya mvua ni mawingu, na hilo nililijua tangu utotoni.

Lakini si mimi tu niliyekemewa, na ni haki niseme. "Na wewe, binti," mzee akamwambia Kendi, "umezika kitu kando ya kisima cha watu bila kuwauliza. Ulitaka wafikiri nini?"

Kendi akaomba msamaha. Akasema atalihamisha, maana hata kwato za mbuzi wetu zilikuwa zinaliharibia sanduku kusikia.

Tukageuka kwenda nyumbani, mzee akatuita.

"Mnaenda wapi? Majembe si mmeshabeba? Kisima kimejaa mchanga."

Tukashuka kisimani, tukautoa mchanga mpaka magharibi. Maji yakaja, machache na ya tope, na mbuzi wa mama wakanywa. Labda yangekuja hata bila sisi. Sijui, na sitaki kusema nisichojua.

Mwanangu, jambo usiloliona usilikatae kwa sababu hiyo tu, wala usilimeze zima. Muulize anayelisema amelijuaje. Akikubali kwamba hajafika, kisha akakuonyesha njia aliyojulia, mpe sikio. Nawe ukisoma ukawa mtaalamu, piga hodi kwanza kabla hujachimba kwa watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ni pamoja na kuwasalimu wenye kitanda.

Mungu akupe sikio lenye subira na mkono usiotangulia sikio, na popote utakapochimba, akujalie maji. Amin.