Mteja Anaulizia Afya Yako

Nikitaja kwamba nilifanya kazi miaka sita kwenye karakana ya vifaa vya bunduki hapa Toronto, watu husogeza kiti nyuma kidogo, kisha hunitazama mikono. Huwa nawaacha wanitazame. Mtu mwenye shahada mbili za fasihi hapati nafasi nyingi za kuogopwa. Baadaye nawaambia ukweli: mle ndani hamkuwa na bunduki hata moja. Tulitengeneza mikanda ya ngozi ya kubebea bunduki begani, na mito midogo ya ngozi inayofungwa kwenye kitako cha bunduki ili mwindaji aegemeze shavu anapolenga. Wateja wetu walikuwa wawindaji wa kulungu na watu wanaokwenda kulenga shabaha mwishoni mwa wiki. Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma malalamiko yao.

Niliifanya kazi hiyo vibaya. Mzee aliyeniajiri sasa haoni kwa jicho la kulia, na la kushoto limembakizia kiduara cha katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ugonjwa haukuletwa na mimi. Ila habari zake zilipita mikononi mwangu kabla hazijamfikia yeye, na hazikumfikia.

Mzee alizaliwa Tabora, katika familia ya Waismailia waliokuwa na duka la viatu. Baba yake alimfundisha kushona ngozi kwa sindano mbili, moja kila mkono, zikipishana kwenye tundu lilelile. Alikuja huku kijana, akashona mikoba ya watu wengine kwa miaka mingi, halafu akafungua karakana yake Scarborough, karibu na Malvern, katikati ya fundi wa vioo vya magari na watu wa kuoka mikate. Mafundi wawili walikata ngozi na kuipaka mafuta. Mkewe alifunga mizigo na kupokea simu. Kushona alishona mzee mwenyewe, kila mkanda, na hakumruhusu mtu mwingine kugusa zile sindano. Watoto wao walikuwa Richmond Hill, wote madaktari wa meno.

Hakuwahi kuwinda maishani. Mkewe alipenda kuwaambia wageni kwamba hata panya wa stoo huuawa na yeye mke, mzee akiwa amepanda juu ya meza. Kwa hiyo alichojua kuhusu uwindaji alikijua kutoka kwa wateja. Kila mkanda uliotoka uliambatana na kadi iliyokwishalipiwa stempu, yenye swali moja tu: kuna ubaya gani? Wema hakuuliza.

Na ubaya uliletwa. Mmoja aliandika kwamba mkanda unalia ukiwa begani, na kulungu husikia. Mzee alifunga mfuko wa mchele kwenye fimbo ya ufagio, akautundika begani kwa mkanda wake, akavaa koti zito na kutoka nje kwenye maegesho, theluji ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Alitembea huku na huku, kichwa kimeinama upande.

"Unawinda nini, mzee?" fundi wa vioo alimpigia kelele.

"Sauti!" alijibu. "Nyamaza, unanikimbizia!"

Aliipata. Ilikuwa bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda, inayosuguana na pete yake. Akaiondoa bizimu yote, akaweka kifungo cha shaba kinachopita kwenye tundu la ngozi. Vivyo hivyo alibadilisha mafuta, kwa sababu mtu wa mbali kaskazini alisema ngozi inakakamaa kwenye baridi kali, na akaongeza upana wa bega kwa ajili ya makoti ya majira ya baridi. Mkanda ule ulitengenezwa na watu wasiojuana, na yeye alikuwa mkono wao.

Mimi nilikuja kwa sababu alichoka kusoma. Kiingereza alikijua kunishinda, lakini alisema miwani inamuumiza kichwa, na isitoshe Kiingereza anakisikia kutwa nzima. "Nisomee kwa Kiswahili, profesa," alisema siku ya kwanza, na jina hilo likabaki. Alikuwa ameniambia kwa mdomo wake mwenyewe, siku ya kwanza, kwamba macho yana tatizo. Nililichukua kama ajira.

Basi kila Jumanne saa kumi jioni tulikaa kwenye meza ya kufungia mizigo, chai ikiwa kwenye chupa, nami nikasoma. Lazima nikiri nilivyoipenda ile saa. Nyumbani kwangu Parkdale mwanangu hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita aje kula. Kanisani watu huanza sentensi kwa Kiswahili na kuitelekeza njiani. Pale mezani tu nilikuwa na wasikilizaji wawili waliokuwa na lugha yote, na nikajimwaga. Kadi ikisema, kwa mistari miwili, kwamba bizimu ya mkanda wake wa zamani ni takataka, mimi nilianza hivi:

"Kuna mteja mmoja wa kaskazini, mzee, anakusalimu sana. Anasema ngozi imempendeza. Ila, na hili analisema kwa heshima, ile bizimu, pengine kwa ajili ya baridi..."

"Profesa," alinikatiza, "huyo kaandika mistari miwili. Naiona hapo. Hizo salamu kaziweka wapi?"

"Zimo katikati ya mistari, mzee."

"Mwache bwana," mkewe alisema. "Mimi napenda salamu. Ya bizimu itafika tu."

Na kweli ilifika. Kuhusu vyuma na mafuta sikuwahi kumficha kitu. Bizimu haina umri, haikumfundisha mtu kazi, mtu haoni haya kuisema. Nililelewa kwamba mtu mzima haambiwi kosa lake usoni; unazunguka, unalitupia jua, mvua, au yule ambaye hayupo, na mwenyewe analiokota njiani. Nilikuwa hodari wa kuzunguka. Nilikuwa nimeandika tasnifu ya kurasa mia mbili ambayo haikufika popote.

Katika mwaka wangu wa nne zilianza kadi za mishono. Wa kwanza alisema mstari wa mshono wa upande wa kulia unayumba. Wa pili alisema umeruka matundu mawili. Mishono, kama nilivyosema, ilikuwa ya mzee peke yake. Nilimtazama pale alipokaa, miaka sabini na minane, vidole vyenye sugu za sindano, nikasema:

"Wanasema uzi si kama ule wa zamani, mzee."

"Uzi?" Alishtuka. "Lakini ni uleule."

"Labda kiwandani wamebadilisha."

Akabadilisha uzi. Aliagiza wa kitani kutoka kwa muuzaji mwingine, akautundika kwenye boriti na kuufunga tofali, akausubiri ukatike. Haukukatika. Kadi zikaendelea. Nikasema labda nta ya uzi. Akabadilisha nta, akajaribu aina tatu, akaziyeyusha kwenye sufuria ya mkewe, na mkewe akamnunia wiki nzima. Majira yote ya baridi alifanya vile alivyofanya siku zote, kwa uangalifu uleule, akisahihisha kitu ambacho nilikuwa nimekitunga mimi.

Huku kikombe chake cha chai kilianza kuanguka, kila mara upande wa kulia. Mkewe akakihamishia kushoto. Sote tulisema ni uzee, na tukafuta meza.

Kisha ikaja kadi ya mama mmoja mwindaji, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa ameandika pande zote mbili, kwa herufi ndogo. Alisema ana mikanda yetu mitatu, ya miaka tofauti, na ameilaza pamoja mezani. Mshono wa kushoto umenyooka kwenye yote. Wa kulia ulinyooka kwenye ule wa kwanza, ukayumba kidogo kwenye wa pili, na kwenye huu mpya umepotea kabisa. Uzi ni mzuri, aliandika. Tatizo si uzi. Baba yake alikuwa mshonaji wa matandiko ya farasi, na mishono yake iligeuka namna hiyohiyo kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba macho yanapoteza nuru. Tafadhali mwambieni anayeshona akapimwe. Tafadhali msichelewe.

Niliisoma kimya mara mbili. Mzee alikuwa ananisubiri, kikombe mkononi.

"Huyo kaandika gazeti," alisema. "Anasemaje?"

Ningeweza kuisoma tu. Sentensi zilikuwa fupi, na Kiswahili chake kilikuwa tayari kichwani mwangu. Lakini mafundi wote wawili walikuwa wamesimama pale wakinywa chai, na mkewe, na mimi nikaona kama nimepewa kazi ya kumvua mtu mzima shati mbele ya watu. Nikajiambia nitamwambia baadaye, faraghani, kwa namna nzuri.

"Ni yule mama wa kulungu," nikasema. "Anakusalimu. Anaulizia afya yako."

Uso wake ulinawiri. "Ah! Mama mzuri yule. Mwambie nzuri tu, namshukuru Mungu."

Nikaandika hivyo. Kwa Kiingereza safi nilimjibu kwamba mzee ni mzima, na anashukuru sana kwa kumjali. Kadi niliitia kwenye droo. Ile namna nzuri ya kumwambia niliitafuta Jumanne iliyofuata, na iliyofuata tena. Baada ya hapo nikawa nimeacha kuitafuta, bila kuamua kuacha.

Alipokaribia themanini, sheria ya hapa ilimtaka apimwe macho upya ili abaki na leseni ya gari. Alikwenda akifanya mzaha kwamba atawasomea ubao wote hadi jina la kiwanda kilichouchapa. Mkewe alinipigia simu mchana wake.

"Wanasema ni presha ya macho," alisema. "Haiumi, hujui. Inakula pembeni taratibu, ubongo unajaziajazia, wewe unadhani unaona. La kulia limekwenda. Daktari kauliza kwa nini hatukuja mapema. Mwaka mmoja nyuma, kasema, matone yangeizuia." Akaniuliza: "Tungejuaje, mwanangu? Tungejuaje?"

Nilisema pole. Nilisema pole mara nyingi sana.

Wiki tatu zilipita kabla sijaitoa ile kadi. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyonisukuma, lakini hasa ni kwamba mkewe alikuwa ameanza kusafisha droo. Jumanne hiyo nilingoja mafundi watoke, nikakaa upande wake wa kushoto, nikamwambia nina kadi ya zamani ambayo sikuisoma yote.

Nikaisoma. Sikuweka salamu, kwa kuwa hazikuwamo. Nilipofika kwa baba mshonaji wa matandiko sauti yangu ilianza kufanya maigizo, nikasimama, nikaendelea. Mkewe aliacha kufunga boksi.

"Hii ni ya lini?" mzee aliuliza.

Nikamwambia. Ilikuwa ya mwaka mmoja na miezi miwili nyuma.

"Uliniambia ananisalimia."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nikasema nzuri."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwandikia nzuri."

Mkewe ndiye aliyesema, taratibu, bila kunitazama: "Sisi tulikuajiri usome tu. Kusoma tu."

Mzee alivuta mkanda uliokuwa karibu, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kulia, tundu kwa tundu, hadi pale ulipopotea. Akarudi mwanzo, akapita tena. Nilitaka anitukane. Kwetu anayekutukana bado anakuhesabu kuwa wake.

"Chukua kalamu," alisema hatimaye. "Andika kama ninavyosema, usiongeze. Mwambie alisema kweli. Mwambie mtu wangu hakunisomea. Mwambie jicho moja limekwisha. Halafu muulize baba yake alifanyaje baada ya hapo."

Niliandika. Mtu wangu hakunisomea. Nimeandika makala nyingi katika maisha yangu, na hiyo ndiyo sentensi pekee ambayo sikutamani kuihariri.

Jibu lilichukua wiki mbili. Mzee hakuwa ameshona kitu katika siku hizo. Alikaa mezani, sindano zikiwa zimechomekwa kwenye kipande cha ngozi mbele yake, na maagizo ya wateja yakarundikana nyuma. Hakuniita profesa tena. Aliniita "wewe", au hakuniita.

Kadi ilipofika, jioni ilikuwa imeshaingiza kiza na taa ya mezani ilikuwa haijawashwa. Niliinuka kwenye kiti changu cha kushoto kwake, nikazunguka kwenda kuiwasha, nikabaki nimesimama hukohuko, upande wake wa kulia, nikasoma. Mama yule aliandika kwamba anasikitika. Baba yake alijaribu kushona kwa kupapasa kwa miezi kadhaa, akajichoma sana, akaacha. Aliishi miaka tisa zaidi. Hakuzoea. Aliandika kwamba angependa kuwa na habari njema zaidi, lakini anadhani mzee anapendelea ukweli.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee. Hakuna kingine."

Aliitikia kwa kichwa. Akaomba aishike ile kadi, nami nikamwekea kiganjani. Aliileta karibu na jicho la kushoto, akaisogeza polepole ili kila neno lipite mbele ya kile kiduara chake, na nikaelewa kwamba ananihakiki. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika mwisho alinyoosha mkono anirudishie, akaunyoosha kushoto, kwenye kiti nilichokuwa nimekaa mwanzo, akaushikilia hapo, akisubiri nipokee.