Maneno ya Mwalimu Mkuu kwa Kinywa Changu

Watu hudhani mwenye haya hawezi kuwa mkalimani. Mimi naona ni kazi yetu kabisa. Kanisani kwetu Lugari nilianza kumtafsiria mhubiri wa Kizungu nikiwa bado shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kunitazama. Wanamtazama yeye. Maneno ni yake na dhambi ni zao, mimi nimesimama kando tu. Ndiyo maana mwalimu wetu wa Kiswahili aliponipendekeza nitafsiri siku ya wazazi, sikukataa.

Mwalimu mkuu wetu si Mzungu. Ni mtu wa hapa hapa, upande wa Bukura, aliyekabidhiwa shule mara tu baada ya uhuru. Kiluhya ni chake na Kiswahili anakijua chote, ila akishavaa suti hasemi na mzazi isipokuwa kwa Kiingereza, na mzazi angoje kutafsiriwa. Wazazi wenyewe wanapenda hivyo. Shule waliijenga kwa harambee, wengine waliuza ng'ombe, na mkubwa anayesema Kiingereza kwao ni kama bati jipya juu ya paa, linaonekana kutoka mbali. Tafsiri huwa ya Kiswahili kwa sababu siku hiyo hukutana Waluhya wa kila namna, wenye maduka ya mjini, Waislamu wa Mumias, na watu wa mashamba mapya yaliyoachwa na Wazungu, kama baba yangu.

Niseme pia jambo langu. Kidato cha tatu tulikuwa watatu tuliojiandikisha kufanya mtihani wa Kiswahili mwaka unaofuata. Wenzangu walikichukua kwa kupenda. Mimi nilikitegemea. Hesabu itaniangusha, hilo nalijua, na bila Kiswahili kunibeba sioni cheti nitakipata wapi. Bila cheti hakuna chuo cha ualimu. Kuna jembe, na kuna watu ambao wameshaanza kumwulizia baba habari za mahari yangu.

Mkutano ulianza vizuri. Nilitafsiri habari za vyoo vipya, nikatafsiri karo, nikatafsiri nidhamu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa msitu na nyuma ya madarasa kulinukia kuku. Kisha mwalimu mkuu akaweka karatasi yake mezani, akasema bila kunitazama kwamba kuanzia muhula ujao vipindi vyote vya Kiswahili vitakuwa vya Kiingereza, na kwamba shule inamshukuru mwalimu wa Kiswahili, ambaye atamaliza nasi muhula huu.

Walimu waliokaa naye mezani walisikia palepale. Wa jiografia akainama kutazama viatu vyake. Ni mmoja tu pale mezani aliyekuwa bado ananingoja mimi. Mwalimu wa Kiswahili ni mzee wa Mumias, na Kiingereza chake ni cha salamu na cha kuomba chaki. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo tukimsomea kwa sauti, macho yake mdomoni kwangu.

"Tafsiri," mwalimu mkuu akaniambia.

Nilitafuta namna ya kulilainisha. Lakini mwalimu mkuu, aliyesimama kando yangu, alikijua Kiswahili, na angesikia kila neno nililolikwepa. Nikasema. "Kuanzia muhula ujao, Kiswahili hakitafundishwa tena katika shule hii." Kisha nikasema na lile la shukrani. Mzee akakunja mikono juu ya meza kama mtu aliyemaliza kula.

Wazazi wakapiga makofi. Baba yangu alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mimi nimefanya kazi kwa Mzungu kule Lugari miaka mingi. Huyo Mzungu alikuwa anatusemeshanga Kiswahili tangu asubuhi. Lete maji, funga ng'ombe, wewe mjinga. Kiingereza alikifungia ndani ya nyumba, yeye na memsahibu. Sasa shamba tumepata. Na hicho alichofungia, watoto wapate. Kiswahili mtoto ataokota tu sokoni, bure."

"Basi mwalimu aje afundishe sokoni," mama mmoja muuza nafaka akasema. "Kiti nitampa, na mahindi atanunua kwangu."

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu naye alicheka, kabla sijafungua mdomo kumtafsiria.

Ndipo mzee akasimama. Akawasalimu watu wa Mumias kwa salamu yao, akatusalimu sisi wengine kwa yetu.

"Juu ya kazi yangu sina neno," akasema. "Kazi ni ya shule. Mimi nauliza habari za hawa watoto watatu wa kidato cha tatu. Mtihani wao wa mwakani watafanya, au nao umeondolewa?"

Mwalimu mkuu akanigeukia, nyusi juu, akingoja. Kiingereza cha swali lile nilikuwa nacho tayari. Lakini mmoja wa watoto watatu alikuwa mimi, na jibu lililokuwa linakuja lingepita kinywani mwangu kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, "Bwana, umemsikia mwenyewe."

Mwalimu wa jiografia akakohoa.

"Amesema nini?" mama wa nafaka akauliza. "Wewe mukhana, wewe msichana, mbona hututafsirii?"

"Waambie ulichosema," mwalimu mkuu akaniamuru. Nikashika ukingo wa meza.

"Nimemwambia Mwalimu Mkuu kwamba swali amelisikia."

Mtu akacheka kule nyuma, kisha wengine. Mwalimu mkuu akafunga kifungo cha koti. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, tena kizuri kuliko changu.

"Mzee wangu, hao watatu wataandika mtihani kama walivyojiandikisha. Hakuna atakayewafuta. Lakini mwalimu hawatakuwa naye. Watajisomea wenyewe, jioni, wakishamaliza kazi za shule. Na huyu binti leo ndiyo mwisho wake kututafsiria."

Wazazi wakapigia makofi hata hilo.

Baba hakugusa kuku wala obusuma, ugali wetu. Aliniita kando ya lango, mvua ikianza kudondoka.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Nisamehe, Baba."

Akavaa kofia, akaivua tena. "Na hicho Kiingereza ulichomwambia, kilikuwa sawasawa?"

"Kilikuwa sawasawa, Baba."

"Haya," akasema, akaenda kutafuta lori la kurudi Lugari.

Sasa ni mwaka wa mtihani. Mzee yuko kwao Mumias. Wenzangu wawili walihamia somo la dini, ambalo lina mwalimu, na siwalaumu. Jioni nabaki darasani peke yangu. Juzi mwalimu mkuu alisimama dirishani, akaniuliza kwa Kiingereza kama bado nang'ang'ania, maana nafasi ya kubadilisha ingalipo hadi mwisho wa mwezi. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sibadilishi. Hakuondoka mara moja.

Tangu jioni hiyo nasoma kwa sauti. Sipendi kusikika, lakini sina wa kunisahihisha, na pale varandani ndipo mwalimu mkuu anapopita kila siku akienda nyumbani.