Fundi Kijiti Aihamisha Filta ya Pikapu

Yote yaliyomo humu ni kweli, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Mwandishi yuko tayari kuapa akiwa amesimama, amekaa au amelala chali chini ya gari. Kama kuna uongo hata wa kulambia kidole, basi apewe beseni la dizeli aoshe vyuma vya gereji nzima.

Saa moja asubuhi, Fundi Kijiti amelala juu ya kipande cha boksi, chini ya pikapu nyeupe. Kiwiliwili hakionekani. Kinachoonekana ni miguu tu, mirefu, imetokeza nje mpaka karibu na barabara, na wapita njia wanairuka kama mfereji.

Wateja walimpa jina hilo zamani. Ni mrefu na mwembamba kama kile kijiti cha kupimia oili, na kama kijiti chenyewe, kila akichomolewa kwenye injini huwa amelowa nusu iliyoingia ndani.

"Dada, nipe spana ya kumi na saba."

"Jichukulie mwenyewe. Mimi nimeshika tochi."

"Tochi yenyewe unamulika mawingu!"

"Wewe mtoto, usinifundishe kumulika. Nimekumulikia tangu unajikojolea."

Mtoto huyo ana miaka hamsini na mbili. Dada yake mkubwa ndiye mwenye pikapu. Kila jioni huzunguka nayo kwa wafugaji kukusanya maziwa, na saa kumi ikigonga lazima awe barabarani, maana maziwa hayajui kungoja. Amekalia debe tupu, na juu ya paa la gari ameweka jozi ya gambuti mpya kabisa, bado zina karatasi ya dukani ndani. Gambuti hizo ndizo kisa chenyewe.

Magari manne kati ya kila kumi yanayoingia kwenye gereji hii ni pikapu za namna hiyo. Ni magari magumu, hayana shida, ila aliyeyabuni alikuwa na kinyongo na mafundi. Filta ya oili aliificha ubavuni mwa injini, chini ya bomba la ekzosi, mahali ambapo hata panya huingia kinyumenyume.

Kuifungua, fundi hupitisha mkono kando ya bomba la moto, akakunja kifundo, akazungusha bila kuona. Filta ikilegea, oili yote inamshukia mkononi, inapita kwenye kiwiko, inapiga kona kwapani na kutulia kwenye mfuko wa shati. Mwandishi anamfahamu fundi mmoja ambaye spana yake ilidondokea huko, na ilipopatikana ilikuwa imeota ndevu.

Kijiti ameifanya kazi hiyo zaidi ya nusu ya maisha yake. Mkono wake wa kulia una alama za kuungua zilizopangana kama ngazi. Miezi michache iliyopita kifundo kilivimba, kikakataa kukunjika. Daktari aliutazama ule mkono, akautazama na uso wa mwenyewe.

"Aliniambia nikiendelea kuukunja namna ile, nitashindwa kushika hata kijiko," anasema Kijiti. "Nikamuuliza, na spana je? Akasema, mzee, mimi nazungumzia kijiko."

Dada mtu alipopata habari alikuja na uamuzi tayari. Kijiti afunge gereji, ahamie kwake akamue ng'ombe.

"Kwani kukamua si ni kukunja mkono pia?" Kijiti alimuuliza.

"Kwa ng'ombe utakunja taratibu. Ng'ombe hana ekzosi."

"Ana mkia!"

Wakabishana wiki nzima, mpaka Kijiti akaomba nafasi moja. Aliwahi kuitwa kutengeneza jenereta kubwa, akaikuta filta yake haikushikana na injini. Ilikuwa imefungwa pembeni peke yake, inafikiwa na mtu aliyesimama, na mipira miwili tu ndiyo iliyoiunganisha na injini. "Filta imekaa nje kama bosi anayepunga upepo," anakumbuka. "Nikasema, kumbe inawezekana! Kumbe tunateseka bure!"

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alikusanya vifaa kidogo kidogo kwa miezi mitano: sahani ya chuma ya kubana pale filta ya zamani ilipokaa, mipira miwili minene inayohimili oili ya moto, na kichwa cha kufungia filta mpya, chenye mshale wa oili kuingia na mshale wa oili kutoka. Kibao cha kukishikilia kichwa hicho alikichomelea mwenyewe kutoka kwenye chaga ya kitanda.

Dada alikubali, kwa sharti. "Utaijaribu kwenye gari langu, maana la mtu mwingine ukiliua tutahama mji. Ikikubali, sitakutajia tena ng'ombe. Ikikataa, jioni hii hii unavaa gambuti ukakamue."

Ndiyo maana asubuhi hii gambuti ziko juu ya paa.

Gereji ya Kijiti ni banda la mabati lenye benchi moja la wageni, na benchi hilo lina sheria moja: anayekamatwa anadanganya anaosha vyuma kwa dizeli. Leo limekaliwa na mzee mmoja, mstaafu wa bohari, mtu mwenye sura ya kuvutia na hekima ya kumwaga. Miwani yake ilivunjika mguu saa ileile ya asubuhi, lakini hilo halikumpunguzia uwezo wa kuona mbali.

Filta ya zamani inatoka. Oili inamwagika kama kawaida yake, na Kijiti anacheka huku inamwingia kwapani. "Mwagika! Mwagika mama, ni mara ya mwisho!"

Anaibana sahani, anaitia sili ya mpira, anakaza. Kisha anaipitisha mipira kutoka chini kwenda juu, kati ya injini na chesisi, mbali na ekzosi. Hapa panataka akili. Mipira yote ni myeusi, inafanana kama pacha, na kila mmoja lazima uende kwenye mshale wake. Kwa hiyo ule unaotoa oili kwenye injini, wa mshale wa kuingia, ameuzungushia utepe mwekundu ncha zote mbili. Mzee wa benchi anaombwa aje ashikilie ncha za juu, zisidondoke.

"Mzee, wenye utepe ni upi?" Kijiti anauliza baadaye, akiwa amesimama mbele ya boneti, kichwa cha filta kimeshafungwa kando ya betri na macho yake yako kwenye klipu za kubania mipira.

"Huu hapa," mzee anajibu bila kusita.

Mipira inafungwa. Kijiti anaijaza filta mpya oili, anaikaza kwa mkono wa kushoto, akiwa wima, shati kavu! Anaifungua tena, anaikaza tena, kwa raha tu. Anamwita dada aje aone. Anamwita muuza vocha wa ng'ambo ya barabara aje aone. Anaongeza oili kwenye injini, maana sasa na mipira nayo inakunywa.

Kisha anakata dizeli, ili stata izungushe injini bila kuiwasha, pampu ivute oili kwanza. Kwenye dashibodi ile taa nyekundu ya oili inawaka. Ikizimika, oili imefika.

Stata inalia. Taa inawaka.

Anapumzisha, anapiga tena. Taa inawaka vilevile, nyekundu kama jicho la mtu asiyelala.

"Labda inachelewa," anasema dada. Sauti yake sasa haina utani.

Anapiga mpaka betri inaanza kukohoa. Kijiti anatoka ndani ya gari, anashika paa. Akithubutu kuiwasha hivi, injini itazunguka kavu na kunoki, isiwake tena, na pikapu itakuwa banda la kuku. Pampu imekufa? Sahani imeziba njia? Anautazama mkono wake, kisha bila kutaka anazitazama gambuti.

"Namba yangu ni ndogo," anasema kwa upole. "Zile zinaonekana kubwa."

"Nilinunua za kuvalia soksi," anajibu dada, na anageuza uso.

Ndipo yule mzee wa benchi akainuka polepole. Akaitazama injini kwa jicho la mwewe, akainyooshea kidole mipira, na kwa sauti iliyotulia akatamka: "Kijana wangu, umeifunga kinyume..."

"Hapo! Simama hapo hapo!"

Msomaji asishtuke. Aliyepiga kelele ni dada mtu, na hakupiga kelele ndani ya habari. Mwandishi ana desturi ya kuwasomea watu habari zao kabla hazijaenda gazetini, na siku ya pili yake alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile, anaisoma hii kwa sauti na madoido.

"Huyo mzee mwenye sura ya kuvutia ni nani?" dada akauliza. "Si ni wewe?"

Mwandishi akakohoa, akasema sura ni jambo la mtazamo.

"Na wewe uliinuka saa ngapi? Ulikuwa unakula karanga!"

"Zangu," akaongeza Kijiti.

Basi ikabidi sehemu hii iandikwe upya, dada akiwa amesimama nyuma ya bega la mwandishi. Ilikuwa hivi.

Kijiti alitaka kupapasa mipira toka chini hadi juu ahakikishe haijabanwa mahali, lakini kifundo kilikuwa kimechoka na kazi ya asubuhi, kikakataa kuingia pale ubavuni. Alijaribu mara mbili, akakunja uso kwa maumivu. Dada alivua saa, akapandisha mkono wa gauni mpaka begani na kuingiza mkono wake mnene ndani ya injini ya gari lake.

"Niambie natafuta nini."

"Shika ule wenye utepe, pale chini kwenye sahani. Uufuate, usiuachie. Uko salama, ekzosi imepoa."

"Nimeushika. Unapanda... unapita kwenye kichuma... unapinda... huu hapa, umetokea juu." Akautikisa ule mpira. "Kaka, huu mshale unaonyesha wapi?"

Kijiti akainama kuutazama mshale. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja kilichojaa oili, na alama ile ingalipo hata leo.

"Dada! Tumeuingiza kwenye mshale wa kutoka! Oili inaingia kwa mlango wa nyuma! Ndani ya filta kuna kimpira kinachozuia oili isirudi, kikisukumwa kinyume kinafunga. Pampu nzima! Kila kitu kizima! Ni mipira tu imepishana!"

Kabla hajamaliza sentensi, klipu zilikuwa zimeshafunguliwa. Akaipishanisha mipira, akakaza, muuza vocha akaleta betri ya kuazima. Dada akaingia mwenyewe nyuma ya usukani.

"Piga!"

Stata ikalia. Taa ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Ikapepesa, kama mtu anayesinzia kanisani.

Ikazimika.

"IMELALA!" dada akapiga ukelele. "Kaka, imelala! Imelala kabisa!"

Kijiti akarudisha dizeli, injini ikashika kwa mkupuo mmoja na kuunguruma. Akapiga magoti, akamulika kila kiungo. Hakuna tone. Akazima, akapima kwa kijiti mwenzake, akaongeza oili kidogo, akawasha tena. Hakuna tone! Akamkumbatia dada, akamkumbatia muuza vocha, na kama si joto angeikumbatia filta. Gauni la dada lilipata chapa ya viganja viwili mgongoni, na hajaifua, anasema ni ushahidi.

Saa kumi ilipogonga pikapu ilikuwa barabarani. Ilirudi giza likiingia, madebe yamejaa, chini kukavu.

"Sasa mimi nina swali," Kijiti akasema hapo benchini, usomaji ulipofika mwisho. "Ncha ya chini utepe ulikuwepo, dada ameushika. Ncha ya juu nilifunga kwa mkono wangu. Ulienda wapi?"

Mwandishi akasema upepo siku ile ulikuwa mkali. Kulikuwa na upepo uliobeba mbuzi.

Hakuna aliyecheka. Wote wawili walikuwa wanaitazama miwani yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umeungwa vizuri sana, mzunguko juu ya mzunguko, kwa utepe mwekundu wenye harufu ya oili.

"Mzee," dada akasema taratibu. "Na alipokuuliza upi wenye utepe?"

"Nilikisia," mwandishi akajibu. "Nilikuwa na nafasi nusu kwa nusu."

Kijiti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda ndani, akarudi na beseni.

Mpango wake sasa ni kufunga mfumo huo kwenye kila pikapu ya wakusanyaji wa maziwa. Watatu wameshakuja kuona, na wa kwanza ameliacha gari lake hapo hapo. "Nataka mafundi wote wasimame wima," anasema, huku akikunja na kukunjua kifundo ambacho uvimbe umeanza kupungua. "Na mimi nataka kushika kijiko mpaka nizeeke." Safari hii alama zitakuwa za rangi iliyopakwa kwenye mpira wenyewe, isiyobanduka.

Vyuma vya gari hilo la pili vina matope na grisi ya miaka mingi. Vinaoshwa sasa hivi, kwa dizeli, na mzee mmoja wa sura ya kawaida tu. Dizeli inaruka mpaka magotini, lakini miguu yake haijalowa. Dada amemvalisha gambuti.