Glavu za Thieta

Nilihamia thieta, chumba cha upasuaji, kwa sababu sikutaka tena kuwaambia akina mama kwamba watoto wao wamekufa.

Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa watoto wachanga katika hospitali moja kubwa ya serikali jijini Nairobi. Ulikuwa mwaka ule watoto walipoanza kwenda shule ya msingi bila karo, na mji mzima ulikuwa na matumaini. Sisi wa wodi ile hatukuwa nayo. Tuliwalaza watoto watatu katika kisanduku kimoja cha joto, wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, wengine wepesi kuliko pakiti ya sukari. Stima ikikatika, tuliwapakata kifuani.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja na kifuko cha nguo alizofuma mwenyewe. Mtoto wake alikuwa amefariki, na zamu iliyotangulia ilikuwa imeondoka bila kumwambia. Nikamwambia mimi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Sasa hizi nguo nimpe nani, sista?"

Akaniwekea kifuko mikononi, akaondoka. Nilisimama nacho pale hadi mwenzangu akanigusa bega.

Niliomba uhamisho mara mbili, na mara mbili nikaambiwa wauguzi hawatoshi. Basi nikaacha kazi. Mama yangu, kule Kikuyu, aliipokea habari hiyo kama msiba. Kwake kazi ya serikali haikuwa kitu cha kuachwa na mtu mwenye akili. "Wewe unatafuta nini?" aliniuliza. Nikamwambia natafuta idara inayonifaa. Akasema uuguzi ni uuguzi, akarudi kumenya viazi.

Nilihamia kwa dada yangu mkubwa, nyuma ya maduka ya Adams Arcade kwenye Ngong Road, na baada ya miezi michache nikapata nafasi katika hospitali ya binafsi iliyokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwake. Huko ndiko nilikofunzwa kazi ya thieta: kusimama kando ya daktari mpasuaji na kumpa kila kifaa anachokihitaji, kabla hajakitaja ikiwezekana.

Aliyenifunza ni sista mkuu wa thieta, mwanamke mfupi wa makamo aliyeshika dini na saa kwa nguvu sawa. Mwanzoni alinichapa vidole kwa koleo kila nilipomkabidhi daktari kifaa kwa upande usiofaa. Kufikia mwezi wa tatu aliacha. Kufikia mwezi wa sita alikuwa akinipa zile kesi ngumu, za matumbo na za tezi.

Sijui nieleze vipi nilivyoipenda kazi ile. Mgonjwa alikuwa amelala, hakuniuliza kitu. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Tulihesabu pamba za kufyonzea damu kabla ya kumfungua na tukazihesabu tena kabla ya kufunga, na hesabu ilipokubaliana nilihisi kwamba duniani kuna angalau jambo moja linaloweza kufanywa likakamilika. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilidhani nimefika.

Mikono ilianza kuwasha karibu na Pasaka. Kwanza ni vipele vidogo katikati ya vidole, nikadhani ni sabuni. Halafu ngozi ikapasuka, halafu macho yakaanza kuvimba kila nilipovua glavu na ule unga wake mweupe ukapeperuka hewani. Nilikuwa muuguzi. Nilijua ni aleji ya mpira wa glavu. Nilikuwa nimesoma juu yake. Nilipaka vaselini, nikameza vidonge vya mafua kila asubuhi kabla ya zamu, nikamwambia dada yangu ni vumbi la Ngong Road. Thieta haiendi bila glavu, na hospitali yetu ilikuwa na aina moja tu. Ningesema, ningerudishwa wodini. Basi nikanyamaza.

Nilinyamaza miezi mitano.

Siku yenyewe tulikuwa tukimtoa mama mmoja uvimbe tumboni. Tumbo lilikuwa wazi. Nilianza kukohoa ndani ya barakoa, nikajizuia, kisha kifua kikafunga kabisa, kama mtu amenikalia. Nakumbuka nikinyoosha mkono kumpa daktari mkasi na mkono usifike. Niliangukia meza ya vifaa. Vyote vikamwagika sakafuni.

Daktari wa nusukaputi ndiye aliyeniokoa. Alimwachia msaidizi wake yule mama, akanidunga adrenalini pale pale chini. Lakini vifaa vilikuwa vimechafuka, na seti nyingine ilibidi itolewe ghorofa ya chini. Yule mama alikaa tumbo wazi, amefunikwa vitambaa, madaktari wakingoja.

Alasiri sista mkuu alikuja kwenye kitanda nilicholazwa. Hakuketi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Pasaka."

Aliangalia mikono yangu, akaigeuza viganja juu kama anayekagua mtoto wa shule. "Ungeniambia, ningekutafutia glavu zingine hata kama ni kuomba kwa magoti," alisema. "Sasa siwezi kukutetea. Ulificha ukiwa umesimama kando ya mgonjwa."

Sikumwomba msamaha. Hilo nalijutia mpaka leo. Nilikuwa nimeshikwa na wazo moja tu, kwamba sitavaa tena gauni la kijani la thieta, na sikuweza kuona kingine.

Kidonda cha yule mama kilitunga usaha. Alilala wodini wiki tatu. Hakuna aliyesema ni kwa sababu yangu, na hakuna aliyesema si kwa sababu yangu. Nilipita mlangoni pake mara nyingi. Sikuingia.

Mtaalamu wa ngozi niliyemwendea katikati ya mji, katika jengo refu lililotazamana na kituo cha mabasi, alisoma majibu ya damu yangu akavua miwani. "Hii si ya kutibu, ni ya kuepuka," alisema. "Kaa mbali na thieta. Na wodi inayotumia hizo glavu pia, mimi ningekuambia ukae mbali nayo."

"Na nifanye kazi gani, daktari?"

"Kuna kazi za ofisi," alisema kwa upole.

Nilijaribu. Hospitali iliniweka kwenye chumba cha mafaili. Kuta zilikuwa nyembamba, na kila asubuhi niliyasikia magurudumu ya vitanda vikipelekwa thieta. Nilivumilia wiki sita. Siku niliyoondoka nilipanda kumuaga sista mkuu, nikaambiwa yuko ndani na kesi. Nilingoja kwenye benchi saa moja, kisha nikashuka.

Baada ya hapo nilienda mtaa wa Kitisuru kumuuguza bibi mmoja wa Kihindi aliyepooza upande wa kulia. Binti yake alinitafutia glavu za plastiki zisizo na mpira, na nyumba ilikuwa na bustani tulivu, miti mirefu, ndege. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha, na mchana alipolala niliketi barazani nikilia bila sababu ninayoweza kuitaja.

Siku moja alikuwa hajalala. Alinisikia kupitia dirishani, akagonga ukuta kwa mkono wake mzima, wa kushoto.

"Nani amekufa?" aliniuliza nilipoingia.

"Hakuna, mama. Ni kazi tu. Nilikuwa na kazi niliyoipenda, ikanitoka."

Maneno yalimtoka yule bibi polepole, upande mmoja wa mdomo. "Mimi nimekaa duka ya bwana yangu miaka arobaini, hapo Biashara Street. Kila siku vitambaa. Hakuna mtu aliuliza kama mimi napenda."

"Na ulipenda?"

"Hapana," alisema. "Nipe maji."

Nilingoja aongeze jambo, neno la kunifariji pengine. Alikunywa maji akafumba macho. Alifariki mwaka uliofuata, asubuhi, nikimchana nywele. Familia ilinishukuru vizuri, na kufikia Jumatatu sikuwa na kazi.

Nilipata nyingine mtaa wa Kangemi, katika kliniki ndogo nyuma ya soko, na ndiyo niliyo nayo. Ni kazi ya ushauri kwa watu wanaokuja kupima virusi vya Ukimwi. Mwenzangu anawatoboa kidole katika chumba cha kwanza. Mimi niko katika chumba cha pili, na meza, viti viwili na sanduku la tishu. Daktari mkuu aliponihoji aliuliza kwa nini nimechagua ushauri. Nilimwambia kweli: kwa sababu hauhitaji glavu.

Kwa hiyo nimerudi kuwaambia watu habari mbaya. Nawaambia watu wanane, tisa kwa siku, na si wote hupata mbaya, na siku hizi dawa zipo. Lakini ni sauti ile ile niliyoikimbia, na naisikia ikinitoka mdomoni, laini, iliyofunzwa.

Jumapili dada yangu huniuliza kama nimezoea. Namwambia nimezoea. Sina hakika ni kweli.

Wiki iliyopita alikuja mwanamume mmoja, fundi wa viatu. Nilipomweleza majibu yake alisema, "Sista, miguu imekataa. Unaweza kunivusha barabara tu?" Nilifunga chumba, nikamshika mkono, tukatoka tukipita kwenye marundo ya sukuma wiki hadi barabara kuu ya Waiyaki Way, tukangoja magari yapungue. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye gundi. Tulipofika ng'ambo alisema asante, akaniachia. Nilimtazama akienda hadi akapotea katikati ya watu. Kisha nikarudi, kwa sababu foleni ilikuwa bado ndefu.