Mtani Niliyemtuma Puge

Hukumu niliipata. Karani wa baraza aliiandika kwa wino wa bluu, akapiga mhuri, akanikabidhi karatasi: mfanyabiashara mmoja wa Puge anilipe shilingi mia moja na hamsini, bei ya nta yangu ya misimu miwili. Nikatoka pale Tabora kifua mbele, nikidhani nimeshinda. Kumbe nilichoshinda ni karatasi.

Tarishi wa baraza alitumwa Puge mara tatu. Mara zote tatu alirudi ameshiba, akasema mdaiwa hakuwepo nyumbani. Harufu ya mchuzi wa kuku niliisikia kwenye nguo zake. Nikanyamaza, maana ukigombana na tarishi hata karatasi yako hupotea.

Muda wa kungoja sikuwa nao. Mume wangu alikuwa amefariki, na mdogo wake alitaka kunirithi. Wazee wao waliniambia waziwazi: nirudishe shilingi mia za mahari kabla ya mvua za kwanza, la sivyo niwe mke wa shemeji. Nilimwogopa yule bwana. Mke aliyekuwa naye alikuwa na pengo mbele, na Sikonge nzima ilijua jino lile lilivyotoka.

Ndipo nikamkumbuka Mgogo aliyekuwa mpakia mizigo stesheni. Wagogo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya pwani. Mtani akiingia kwako akaondoka na kitu chako, humshtaki. Ukikasirika, aibu ni yako. Nikamwonyesha karatasi, nikamwahidi shilingi thelathini.

"Baraza limeshindwa, mtani, sembuse mimi?"

"Baraza halina utani naye," nikamjibu. "Wewe unao."

Tulifika Puge Jumapili, watu wakitoka misani. Mdaiwa wangu alikuwa amesimama nje ya kanisa na baiskeli yake mpya, ameishika usukani huku akisalimiana na wakubwa. Mgogo akamwendea moja kwa moja.

"We Mnyamwezi, miguu kama mchi wa kinu, baiskeli ya nini? Leta hapa!"

Akaichukua. Mdaiwa akaniona nyuma yake, na uso ukambadilika. Aliinua fimbo. Nilijua akitamka neno wizi, mimi na mtani wangu tunalala gerezani, na mvua zinanikuta humo. Kisha bibi mmoja akaangua kicheko, akasema, "Umepatikana leo, mtani kakuweza!" Wengine wakafuata. Yule bwana akaangalia huku na huku, fimbo ikashuka taratibu, akacheka na yeye. Sijawahi kuona mtu akicheka kwa uchungu namna ile.

Tulitembea haraka bila kugeuka. Tulipofika Isikizya, kwenye baraza ya fundi cherehani, mtani wangu akasimama.

"Sasa mtani," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "baiskeli hii nimeipora kwa utani. Na wewe si Mnyamwezi? Basi nimekupora na wewe. Nenda kashtaki."

Waliokaa pale wakacheka mpaka wakajipiga mapajani. Mjinga mimi! Nilikuwa nimeupigia hesabu utani upande wa mdaiwa tu, nikasahau kwamba na mimi nimo. Karani gani angenisikiliza? Akilini nikamwona shemeji keshafika mlangoni kwangu.

Mgogo aliegemeza baiskeli ukutani, akapokea kata ya togwa kwa mikono miwili. Alipoinua kichwa kunywa, niliishika baiskeli nikaisukuma barabarani, mbio. Kupanda sikujua, mwanamke gani wa wakati ule alijua? Pedali ilinichubua mguu, khanga ikanidondoka, sikuiokota.

"Mtani kaporwa!" walipiga kelele nyuma yangu. "Kaporwa na mwanamke!"

Alinikimbiza, kisha hatua zake zikapungua. Angekasirika mbele ya watu wale, aibu ingekuwa yake. Alinifikia mbele kidogo akitembea, khanga yangu mkononi.

"Thelathini zangu je?"

"Zipo. Ungezitaka tangu mwanzo usingekimbia."

Fundi wa baiskeli wa Tabora aliinunua kwa mia moja na thelathini. Ishirini zilizobaki Puge sijazidai mpaka leo. Nilimlipa mtani chake, nikaenda Sikonge kwa miguu na mia yangu nimeifunga kiunoni, mawingu yakinifuata njia nzima.

Mzee wa ukoo alizihesabu mara mbili. Shemeji alikuwa kando, akitazama kila shilingi ikipita. Hatimaye mzee akasema, "Haya. Kuanzia leo wewe si mke wa mtu yeyote hapa."

Alidhani ananitukana. Nilipiga magoti nikamshukuru, nikatoka taratibu, na nilipopita nyumba ya mwisho nilikaa chini njiani nikalia kwa furaha.